Sahani ya Mtoto wa Tatu

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa mwandiko mzuri. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu nyumbani hakuna aliyenilaumu, na asiyelaumiwa na wenzake hubaki na kazi ya kujilaumu mwenyewe.

Tulikaa Newtown, ghorofa ya tisa katika nyumba za manispaa: shangazi yangu, mumewe, binti zao wawili wadogo, na mimi. Mume wa shangazi nilimwita Mzee, kama watoto wake walivyomwita, ingawa hakuwa na mvi hata moja. Zamani alikuwa baharia. Aliteremka melini miaka ya sitini, akaja Birmingham, akaingia kiwanda cha kuyeyushia chuma, na huko akakaa miaka saba akimimina chuma cha moto kwenye kalibu. Mikono yake ilikuwa na madoa meupe ya kuungua, madogo madogo, kama punje za mchele zilizomgandia.

Mwaka ule kiwanda kikapunguza watu. Msimamizi aliwaambia kwamba desturi ya kiwanda itafuatwa: aliyeingia mwisho atatoka kwanza. Mzee alirudi nyumbani ametulia, kwa sababu wengi walikuwa wameingia nyuma yake. Ijumaa akapewa bahasha ya kuachishwa kazi. Alipouliza, aliambiwa kwamba hesabu ilipigwa kwa idara, si kwa kiwanda kizima, na katika idara yake yeye ndiye alikuwa wa mwisho. Idara yenyewe ilikuwa ya Weusi na Wahindi watupu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na moto.

Wiki tano hakutaka kusikia habari ya posho ya wasio na kazi. Alikwenda kila kiwanda kilichofikika kwa basi, mpaka Erdington, na kila mahali alikuta nafasi imejaa asubuhi ileile. Shangazi akachoka kumtazama akifunga na kufungua viatu.

"Kila Ijumaa walikuwa wakikukata bima," alimwambia. "Miaka saba. Hiyo si sadaka, bwana. Ni jasho lako limewekwa kabatini. Nenda kalichukue."

"Redioni wanasema tumekuja kula posho."

"Na ulipokuwa na kazi walisema umekuja kula kazi. Sasa wewe ule nini? Hewa?"

Basi akaenda, na mimi nikaenda naye. Mzee alikisema Kiingereza cha melini na cha kiwandani, lakini karatasi zilimtisha. Mimi niliishia darasa la saba, ila mwalimu wangu alikuwa akinisifu mwandiko. Naandika polepole, kila herufi naikamilisha kabla ya kwenda kwenye nyingine. Kusema ndiko kulikonishinda. Mbele ya watu ulimi wangu ulikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua.

Foleni ya ofisi ya kazi ilitoka mpaka barabarani. Mbele yetu alisimama Mwingereza mmoja mnene, amekunja gazeti kwapani, anazungumza na kila mtu bila kumtazama yeyote.

"Wangefunga mipaka miaka kumi iliyopita," alisema, "foleni hii ingekuwa fupi."

Nyuma yetu alikuwapo kijana mweusi wa rika langu, mwenye kofia ya kufumwa. Wazazi wake walitoka Jamaika. "Mpaka upi nimeuvuka mimi, babu?" akauliza. "Nimezaliwa Erdington."

"Wazazi wako, basi."

"Wazazi wangu wako kazini sasa hivi. Wanasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, Bordesley Green. Ukivunjika mguu, wao ndio watakaokupokea. Asiye na kazi ni mimi, na mimi ndiye Mwingereza. Kila siku naambiwa nirudi nilikotoka. Haya, nimekubali. Nauli ya basi ninayo."

Watu wakacheka, hata mzee mmoja wa Kiairishi aliyekuwa nyuma zaidi. "Sisi tulifungiwa milango ya vyumba vya kupanga kabla hawajawaona nyinyi," alisema. "Sogea, mwanangu, foleni inatembea."

Mwenye gazeti hakucheka, lakini alisogea.

Ndani nikaketi kwenye kibao na kuanza kujaza fomu. Jina, anwani, kazi ya zamani, sababu ya kuacha. Nikafika mahali pa watoto. Fomu iliuliza watoto wanaokaa na mwombaji, na ilikuwa na kisanduku kidogo.

"Andika watatu," alisema Mzee.

Nikamwambia taratibu kwamba wanauliza walio nyumbani.

"Nimezaa wangapi?"

"Watatu, Mzee."

"Basi. Mtu hawahesabu watoto wake akamruka mmoja. Ukimruka umeshamzika."

Mtoto wa tatu ndiye wa kwanza, binamu yangu. Tulilelewa pamoja Dar es Salaam, Kariakoo, kwa bibi yake, Mzee akiwa huku anatafuta riziki. Maombi ya kuja Uingereza yalipopelekwa, binamu alikuwa na miaka kumi na sita. Wazazi wangu walikuwa wameshafariki, na hati ya kadhi ilisema mimi ni wa shangazi, kwa hiyo na jina langu likaingizwa. Karatasi zikakaa juu ya meza ya mtu fulani miaka miwili na ushei. Zikikaa, yeye akikua. Ruhusa ilipotoka, alikuwa amepita miaka kumi na minane kwa majuma matatu, na sheria ilisema huyo si mtoto tena. Mimi, mtoto wa ndugu, niliyekuwa bado sijatimiza miaka hiyo, nikapanda ndege. Yeye, mtoto wa tumbo, akatubebea mizigo mpaka uwanjani. Tangu hapo kulikuwa na rufaa, na rufaa nayo ilikuwa juu ya meza.

Kwa hiyo Mzee aliposema watatu, sikuweza kubisha. Ningembishia vipi, mimi niliyekalia kiti cha mwanawe ndani ya ndege? Nikaandika tatu. Nikaandika majina yao na umri wao, mkubwa kwanza, kwa wino mweusi, pasipo doa. Mwanamke wa kaunta alimwomba Mzee pasipoti. Yule mnene wa mbele yetu hakuombwa kitu. Akaisoma fomu, akaisoma tena, akasema tutaarifiwa.

Walikuja Jumanne ya pili, saa kumi na mbili za jioni, tukiwa ndio kwanza tumekaa kula. Hawakupiga hodi kama watu, waligonga kwa ngumi. Mmoja alikuwa bwana mrefu aliyelowa mvua, mwingine kijana mwenye daftari. Walisema wametoka idara ya uhamiaji, na kwamba fomu yetu imewafikia. Waliingia na viatu, wakapita juu ya zulia tunalosalia.

"Waambie wavue," shangazi alisema.

Nikaona haya, sikuwaambia.

Mezani palikuwa na sahani tano za ndizi mbichi na samaki, na ya sita imefunikwa kwa sahani nyingine. Nieleze hapa. Tangu tufike, shangazi hakuwahi kupakua chakula bila kumpakulia mwanawe. Alimpakulia wa kwanza baada ya Mzee, akafunika, akaweka mahali pake. Hakuwa mwendawazimu, alijua haitaliwa na yeye. Akija mgeni, ilikuwa ya mgeni. Asipokuja, niliila mimi asubuhi kabla ya kwenda kazini. Lakini ilipowekwa ilikuwa ya mwanawe, na hakuna aliyethubutu kuigusa wakati wa kula. Kule kwetu akina mama wengi hufanya hivyo mtu anapokuwa safarini. Tofauti ni kwamba safari hii msafiri ndiye aliyebaki, na sisi ndio tuliosafiri.

Bwana mrefu aliinua sahani ya juu. Mvuke ukatoka.

"Hii ya nani?"

Nikamwuliza shangazi. Akasema, "Ya mwanangu."

"Ni ya mwanawe," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Mwambie atakuja," shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ile anayoombea dua.

"Atakuja," nikasema.

Kijana wa daftari akaandika. Niliitazama kalamu yake ikienda na nikaelewa nilichofanya, lakini ulimi ulikuwa umekwisha kuvimba. Wakaliona na koti. Shangazi alilinunua sokoni baridi ilipopungua na makoti yalipouzwa rahisi, koti zito la kijani, akalitundika mlangoni limsubiri. Kijana akaishika mikono ya lile koti, akanipima kwa macho, akampima Mzee. Halikuwa saizi yetu sote wawili. Akaandika tena.

Halafu wakapekua. Chini ya vitanda, kabatini, nyuma ya pazia la bafuni. Binti wadogo walidhani ni mchezo, wakawa wanawaonyesha mahali pazuri pa kujificha. Mzee alikaa palepale mezani, mikono juu ya meza.

"Waambie watazame na kwenye sufuria," shangazi alisema.

Bwana mrefu akageuka. "Anasema nini?"

"Anawakaribisha chakula."

"Mwambie asante, hapana."

Shangazi aliyajua maneno hayo ya Kiingereza. Akacheka peke yake, kicheko kifupi ambacho kiliniuma kuliko kilio.

Baada ya siku sita zilifika barua mbili, na mimi ndiye niliyezisoma. Ya kwanza ilisema posho ya Mzee imesimamishwa mpaka maelezo aliyotoa kuhusu watoto yachunguzwe. Ya pili ilisema kwamba, kutokana na taarifa iliyopatikana Birmingham, inaaminika kijana aliyekata rufaa tayari yumo nchini bila ruhusa. Isipothibitishwa vinginevyo ndani ya siku ishirini na nane, rufaa itafutwa.

Nikaisoma ya pili mara mbili kwa Kiingereza na mara moja kwa Kiswahili. Walimkataza mwana wa watu kuingia, na sasa walikuwa wanamfuta kwa sababu ameingia.

Mzee alikuwa wa kwanza kusema. "Kuanzia leo sahani hiyo isiwekwe. Na koti lile liondoke."

"Liende wapi?"

"Popote. Mke wangu, hawa watu hawaelewi mambo haya. Ni mimi niliyesema watatu. Nimekosa. Tusiwape kitu kingine cha kuandika."

Shangazi aliinuka, akachukua mwiko, akapakua. Sahani ya Mzee, kisha ya mwanawe. Akaifunika. "Walinikatalia mwanangu kwenye ndege," alisema. "Meza hii si ya ndege. Wakija tena, watainua kifuniko tena, na watakuta chakula tena."

Mzee alikula kidogo, kisha akaenda dirishani akasimama na kuangalia chini, ghorofa tisa, kwenye maegesho yasiyo na magari mengi. Nilijua anawaza nini. Mtu ambaye ameshindwa kumleta mwanawe kwa miaka yote ile, sasa amemponza kwa neno moja. Lakini neno lilipita mkononi mwangu. Ningeweza kuuliza kaunta. Ningeweza kumwambia yule bwana mrefu maneno sita zaidi: yuko Dar es Salaam, hajafika hapa. Sita tu.

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ndogo ya vitasa. Tulikuwa wanane. Saa ya chai mmoja wao alisoma gazeti kwa sauti, na wengine wakatoa maoni. Kutwa tulikuwa tunatengeneza vitasa, na ikifika chai mazungumzo yakawa ya kufunga milango. Siku moja, wiki ile ya barua mbili, gazeti lilisema habari za watu walioingia kwa magendo, wamefichwa nyuma ya malori.

"Serikali haijui wako wangapi," alisema msomaji. "Hesabu zote za uongo. Wewe hatukusemi," akaniambia, kama alivyoniambia mara nyingi. "Nyinyi kwenu mko wangapi?"

"Watano."

"Na walio kabatini?"

Wakacheka. Kwa kawaida nami ningetabasamu, kwa kuwa kutabasamu ni rahisi kuliko kujibu. Nikaweka kikombe chini.

"Kabati letu limeshatazamwa," nikasema. "Walikuja wawili Jumanne, wakatazama na chini ya vitanda. Hawakumpata mtu. Wewe kabati lako limetazamwa lini?"

Hakuna aliyecheka. Fundi mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alikohoa akasema chai imekwisha. Niliharibu vitasa viwili kabla ya jioni. Lakini nilikuwa nimeona kwamba mlango uliovimba, ukiusukuma kwa bega, unafunguka.

Barua ya binamu ilifika wiki ileile, ile ya karatasi nyembamba ya bluu inayokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe. Hakuwa anajua lolote kuhusu yaliyotupata. Alianza kwa salamu, mmoja mmoja, mpaka jirani wa chini. Kisha akaandika hivi: "Jumanne niliitwa tena kule kwa Waingereza. Nilikaa tangu saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri. Bwana yule aliniuliza mlango wa nyumba ya bibi unatazama wapi, nikamwambia unatazama ukuta wa jirani. Akauliza ukuta ni wa rangi gani, nikamwambia ilikuwa nyeupe kabla ya watoto. Akaandika yote. Nikatia sahihi, naye akatia sahihi, na akagonga muhuri. Mama, mwambie baba nimevaa shati lake."

Nilisimama na ile karatasi jikoni. Nikatazama tarehe. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwenye kalenda iliyotundikwa juu ya jiko. Jumanne yake ndiyo ilikuwa Jumanne yetu.

Jioni tatu nikaandika maelezo ya ukurasa mmoja. Sitasema niliyachana mara ngapi. Nilitaka yasiombe. Barua tulizokuwa tumezipeleka kabla ya hapo zote zilianza kwa kunyenyekea na kuisha kwa kushukuru mapema, na hazikuwahi kujibiwa. Safari hii niliandika mambo manne tu, kila moja na mstari wake: sahani ni ya nani, kwa nini inawekwa, aliyepakuliwa alikuwa wapi saa hiyo, na nani alikuwa ameketi mbele yake.

Asubuhi iliyofuata tukaenda idara ya uhamiaji, mimi na shangazi. Mzee alibaki na watoto. Nafikiri aliogopa kusema neno jingine. Shangazi alivaa buibui lake juu ya koti la baridi, na mkononi alikuwa na kikapu. Tulingoja saa mbili, kisha tukaitwa dirishani, na nani alikuwa amekaa nyuma ya kioo ila yule kijana wa daftari.

Alitukumbuka. Nikampitishia maelezo yangu na nakala yake, na barua ya binamu, chini ya kioo. Aliigeuza ile karatasi ya bluu juu chini.

"Hii siwezi kuisoma."

"Nitakusomea."

Nikamsomea, neno kwa neno, hata ukuta wa jirani. Sauti yangu ilianza chini sana na akaniambia nipaze. Nikapaza. Chumba kizima kikawa kinasikiliza.

"Barua inaweza kuandikwa na mtu yeyote," alisema, "popote. Hata Newtown."

"Ndiyo. Lakini ile ya mwenzako hatukuiandika sisi."

"Mwenzangu yupi?"

"Wa ofisi yenu ya viza, Dar es Salaam. Siku uliyoiandika sahani ya binamu yangu kwenye daftari lako, mwenzako naye alikuwa amemwandika binamu yangu kwenye lake. Amekaa mbele yake kuanzia asubuhi, na wametia sahihi wote wawili. Ametokaje huko adhuhuri akala ndizi Birmingham jioni? Usiniulize mimi. Muulize mwenzako."

Akasema, "Hatuwezi kupiga simu Afrika kwa kila sahani ya wali."

"Ilikuwa ndizi," nikasema. "Uliiona."

Nyuma yangu mtu alipiga mluzi wa kushangaa. Uso wa kijana ukawa mwekundu, akasema tuache karatasi, tutaandikiwa. Nikamwambia shangazi. Yeye hakusogea dirishani.

"Mwambie atupe karatasi ya kuonyesha kwamba amezipokea, yenye tarehe ya leo. Asipotoa, tutakaa. Mwambie sisi kungoja tumekuzoea. Tulipoanza, mwanangu alikuwa mtoto."

Nikayasema yote. Hayo sikuyapunguza wala kuyalainisha. Kijana akasema hakuna karatasi ya namna hiyo. Tukaenda kuketi kwenye benchi lililoelekea dirisha lake. Shangazi akafungua kikapu, akatoa sahani mbili zilizofunikana, akazifungua magotini. Akanipa nusu, akawapa nusu mama mmoja wa Kihindi na mwanawe waliokuwa karibu. Harufu ya samaki wa nazi ikaenda mpaka nyuma ya kioo. Askari wa mlangoni alikuja kutuambia si mahali pa kulia chakula. Shangazi akamwambia kwa Kiswahili, kwa adabu zote, akaribie. Askari alinitazama mimi. "Anakukaribisha," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli. Alikuna shingo, akarudi mlangoni.

Saa tisa na nusu akatoka mwanamke mwenye umri, miwani shingoni, mkubwa wao nadhani. Alisoma maelezo yangu amesimama. Alipomaliza akauliza nani aliyeandika.

"Mimi."

"Umesoma wapi?"

"Darasa la saba, Dar es Salaam."

Aliinakili tarehe ya barua ya binamu, akagonga muhuri wa siku ile kwenye nakala yangu, akanipa. Shangazi aliishika ile nakala mikononi ndani ya basi mpaka nyumbani, hakuikunja.

Tulingoja. Siku ishirini na nane zikatimia na zikapita, na kila asubuhi Mzee alikuwa wa kwanza kusikia barua zikianguka mlangoni. Redioni ubishi uliendelea: mmoja akisema milango ifungwe, mwingine akisema ifungwe kwa upole. Kazi zilikuwa hazipo kwa sababu yetu. Sisi tulikuwa hatuna kazi kwa sababu ya uvivu. Wote wawili waliyasema hayo kwa pumzi moja. Shangazi akafikia kuizima wakati wa kula. "Wanaopakuliwa hapa ni sita," alisema. "Huyo wa saba sikumwalika."

Barua ilipofika ilikuwa na mistari mitatu. Taarifa iliyotoka Birmingham imeonekana haina msingi. Rufaa itasikilizwa kwa utaratibu wake. Kuhusu posho, mwombaji ajaze fomu upya. Hapakuwa na neno la kuomba radhi. Nililitafuta hata nyuma ya karatasi.

Mzee aliniomba nimsomee mstari wa pili tena. Kisha akaenda mlangoni, akalivua lile koti la kijani kwenye msumari, akalikung'uta vumbi, akalitundika tena.

Tukarudi kwenye foleni ya ofisi ya kazi. Kijana wa Erdington alikuwapo, kofia ileile. "Bado hamjarudi kwenu?" alituuliza.

"Wewe je?" nikamjibu.

"Basi limechelewa."

Nikapewa fomu, nikaketi kwenye kibao kilekile. Mzee aliketi kando yangu, na tulipofika mahali pa watoto akatazama pembeni. "Andika wawili," alisema. "Wanauliza walio nyumbani. Nimeelewa."

Nikaandika mbili ndani ya kisanduku. Lilikuwa jibu sahihi la swali lao. Halafu nikahamisha kalamu nje ya kisanduku, kwenye ukingo mweupe wa karatasi, mahali pasipoulizwa kitu, nikaanza kuandika jina la binamu yangu. Kila herufi niliikamilisha kabla ya kwenda kwenye nyingine. Jina lake, jina la baba yake, mtoto wa kwanza, Kariakoo, Dar es Salaam, hajaruhusiwa kuingia. Ukingo haukutosha, nikageuza fomu upande na kuendelea kando.

Mwanamke wa kaunta alinyoosha shingo. "Hapo hapahitajiki kitu," alisema.

"Najua."

"Foleni inakungoja."

Mzee akageuka kutazama mkono wangu. Nyuma, kwenye foleni, mtu alinung'unika, na sauti ya yule mzee wa Kiairishi ikamjibu: "Mwache kijana aandike. Kwani wewe unawahi kazini?"

Nikaendelea kuandika.